Sehemu Tano Kati ya Sita

Nianze kwa kukiri jambo moja ili tusipotezeane muda: mimi nina hasira za karibu. Mke wangu husema hasira zangu zinalala mlangoni, mtu akibisha hodi tu zinaamka. Miaka ishirini na miwili nimekula kwa randa na msumeno, na katika miaka hiyo nimegombana na wateja, na wapaka rangi, na wauza gundi, hata na jogoo wa jirani. Ila ugomvi ninaotaka kuusimulia hapa nilimfanyia mwanamke aliyejua mbao kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, na nikiukumbuka mpaka leo uso hunipata moto.

Mwanamke huyo alikuwa mpanga madaraja kwenye yadi ya mbao wanakonunua mafundi karibu wote wa upande wetu. Lori likishusha mbao ngumu, yeye ndiye aliyezipitia mmoja mmoja, akaupima kila ubao kwa kijiti chenye alama za inchi, akauandika kwa chaki: moja, mbili au tatu. Watu walimwita Mama Uso Mbaya. Mgeni akilisikia jina hilo alidhani ni matusi, maana mwenyewe alikuwa mama wa makamo mwenye sura ya kupendeza, na kitambaa chake cha kichwani hakikukosa pasi hata siku za vumbi. Jina lilitokana na kauli yake. Ubao ukilazwa mbele yake, hata uwe unang'aa vipi, aliwaambia wapagazi, "Nionyesheni uso mbaya." Kila ubao una nyuso mbili, na daraja lake husomwa kwenye ule ulio dhaifu. Ule mzuri hauulizwi kitu.

Mwaka huo nilipata kazi ya mkunga mmoja mstaafu aliyetaka meza ya futi nane na viti kumi, watoto wake wote waweze kuketi pamoja bila mtu kula amesimama. Ilikuwa kazi ya heshima. Nikajipeleka yadi asubuhi na mapema, kifua mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Leo unatengeneza nini?"

"Wewe nipe mvule daraja la kwanza, mama. Ninachotengeneza nakijua mwenyewe."

"Sawa," akasema, "lakini na mbao nazo zingependa kujua."

Wapagazi wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamweleza kuhusu meza na viti, kwa kifupi, kama mtu anayejibu maswali ya askari. Alisikiliza huku anafuta vumbi la mbao kwenye kijiti chake.

"Mbao za juu ya meza, sawa, chukua daraja la kwanza. Lakini viti chukua la pili. Mguu mrefu wa kiti hauzidi futi tatu na nusu. Kati ya fundo na fundo kwenye daraja la pili unapata vipande safi vya urefu huo mpaka unavikimbia. Daraja la kwanza wanakuuzia urefu, fundi. Sasa wewe unanunua urefu ili ukaukatekate?"

Maneno hayo yalikuwa ya hekima tupu, na leo ningemlipia fundi yeyote chai ayasikilize. Lakini mimi siku ile niliyasikia vingine kabisa. Nilisikia kwamba mama huyu ananiona mimi ni wa daraja la pili.

"Mama, mji huu mimi sijulikani kwa daraja la pili."

"Basi chukua unalotaka," akasema bila kukasirika. Hiyo ndiyo tabia yake iliyoniudhi zaidi: ulikuwa huwezi kumkasirisha. Ukimrushia neno, aliliangalia kwanza pande zote mbili, kisha akaliweka chini.

Akanichagulia mbao tano za juu ya meza, zote futi nane kwa inchi tisa. Wa tano alipouvuta kutoka kwenye rundo, akauzuia kwa goti.

"Huu ugeuze uuone kwa chini. Una mafundo matatu ukingoni. Ni daraja la kwanza halali, lakini ujue yalipo kabla hujaweka msumeno."

"Chaki imeandika moja?"

"Imeandika moja."

"Basi yatosha, mama."

"Fundi, daraja la kwanza si ubao usio na dosari. Ni ubao ambao sehemu tano kati ya sita ni safi, tena zinatoka kwa vipande vikubwa. Hiyo sehemu ya sita—"

Lakini mimi nilikwisha mpa mgongo, namwita mwenye mkokoteni. Sehemu ya sita sikuisikia.

Karakana yangu ni chumba kimoja kirefu tulichogawana na mke wangu. Upande wa mlangoni ana cherehani yake na vitambaa vyake. Upande wa dirisha kuna meza yangu ya kazi na vumbi langu. Yeye hulalamika kwamba nguo za wateja wake zinanuka mvule, nami humwambia ni manukato ya bure. Siku zile nilifanya kazi nikiimba. Nikatengeneza kwanza fremu ya chini ya meza, miguu na mihimili, kwa kipimo cha mbao tano za inchi tisa tisa. Nikaifunga kabisa, ikasimama imara kama ng'ombe. Ndipo nikaanza kupiga randa mbao za juu.

Wa tano nikaupiga randa upande wa juu, ukatoka laini, nyuzi zimenyooka kutoka kichwa hadi kichwa, rangi ya asali. Nikaugeuza. Mafundo matatu yalikuwa yamejipanga ukingoni, meusi, moja limeanza kulegea kwenye tundu lake.

Damu ilinichemka mpaka nikasikia masikio yanavuma. Sikukumbuka goti la yule mama juu ya ubao huu huu. Hasira zina namna yake ya kukumbuka, zinachagua. Nilichokumbuka ni chaki iliyoandika moja. Nikauingiza ubao kwenye msumeno na kuuondolea ukingo wote wenye mafundo, ukanda wa inchi moja na nusu kwa urefu wote. Sehemu iliyobaki ilikuwa safi, sitadanganya hapo. Niliitumia. Nikaiunganisha na zile nne, nikatia gundi, nikakaza vibano. Lakini meza sasa ilikuwa imepungua inchi moja na nusu, na fremu yangu iliyosimama imara ilibidi niikate upya. Siku mbili za kazi zikaenda na maji.

Nikauchukua ule ukanda, nikaukata mara mbili ili ubebeke. Mke wangu akanyanyua macho kutoka kwenye cherehani.

"Unakwenda wapi na kuni?"

"Hizi si kuni. Huu ni ushahidi."

"Baba watoto, kunywa maji kwanza."

Sikunywa maji.

Hapa lazima niseme ukweli mmoja. Tajiri wa yadi alikuwa ametangaza, na mafundi wote tulisikia, kwamba akipokea lalamiko jingine moja lenye ushahidi kuhusu madaraja, Mama Uso Mbaya ataweka chaki chini. Mwezi uliotangulia mnunuzi mkubwa alirudisha mzigo mzima akidai ni hafifu. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba mbao zilinyeshewa njiani, lakini tajiri alikuwa amekwisha pandisha mori na hakutaka kushuka. Tena alikuwa na mkwe wake, kijana mstaarabu mwenye cheti cha chuo na viatu vizuri, anayesubiri kazi. Kwa hiyo nilijua. Nilipokuwa natembea na vile vipande kwapani nilijua vinaweza kummwagia mtu unga wake. Siwezi kusema sikujua.

Nikavitupa vipande vitatu mezani kwa tajiri. "Hili ndilo daraja la kwanza lenu."

Tajiri akavigeuzageuza, akaona mafundo. "Na ubao wenyewe uliobaki?"

"Uliobaki ni hivi hivi."

Maneno manne tu. Yalitoka mdomoni mepesi mno, sikuhitaji hata kuvuta pumzi. Wakati huohuo ubao uliobaki ulikuwa karakana kwangu katikati ya meza, umekazwa kwa vibano, unakauka.

Alhamisi tukaitwa. Tulikuwa sita ndani ya kibanda cha kupimia: tajiri, mkwe wake, wapagazi wawili, mimi na yeye. Sakafu ni ya saruji, imefagiliwa. Vipande vyangu vitatu viko juu ya meza. Tajiri akamwambia, "Mama, jitetee."

Hakujitetea. Aliomba tu ruhusa ya kuvishika vile vipande.

Nilitarajia atatazama mafundo. Hakuyatazama kabisa. Alitazama vichwa vya vipande, pale msumeno ulipokata, akavisogeza karibu na macho kimoja kimoja, kisha akapiga magoti na kuvipanga sakafuni kwa kufuata nyuzi. Kimoja nilikuwa nimekiweka kichwa chini miguu juu, akakigeuza. Vikaungana, ukiona huwezi kuamini viliwahi kuachana. Akaweka kijiti.

"Futi nane kasoro kidogo. Hiyo kasoro imeliwa na meno ya msumeno mara mbili. Msumeno wako ni mnene, fundi, ubadilishe."

Mpagazi mmoja akakohoa kuficha kicheko.

"Sasa angalieni kichwani hapa," akaendelea, akimwonyesha tajiri mistari ya miaka ya mti kwenye ncha ya kipande. "Mistari imelala kwenda huku. Upande huu ni ukingo wa ubao, ulikotoka kwenye gogo. Upande huu mwingine kuna alama mpya ya msumeno. Kwa hiyo ubao haukuishia hapa. Uliendelea kwenda huku."

Akachukua chaki yake. Akiwa bado amepiga magoti, akachora sakafuni mstari wa futi nane sambamba na vile vipande, kisha akaufunga pande zote mbili. Ukatokea mstatili wa futi nane kwa inchi tisa. Vipande vyangu vililala ukingoni mwake. Kilichobaki kilikuwa sakafu tupu ndani ya chaki.

"Zilikuwa mbao tano," akasema. "Huu ndio wa tano. Niligeuza mara mbili, nikapima mara tatu, kwa sababu ulikuwa chupuchupu kuanguka daraja la pili. Ukiondoa ukanda wenye mafundo, unabaki na futi nane kwa inchi saba na nusu, safi pande zote mbili. Inchi saba na nusu katika tisa ni sehemu tano kati ya sita. Haizidi, haipungui. Nikaandika moja." Akaweka kiganja chake ndani ya ule mstatili, juu ya saruji tupu. "Hapa palikuwa na ubao mzuri, tajiri. Sijui uko wapi. Lakini ulikuwepo."

Nimeona mafundi wengi hodari maishani. Nimeona mzee aliyechonga kiungo kwa macho na kikaingia bila nyundo. Lakini sijawahi kuona mtu akichora kitu ambacho hakipo na kikawepo namna ile. Niliuona ubao wangu pale sakafuni. Niliona mpaka ile sehemu karibu na kichwa ambapo nyuzi zinapinda kidogo halafu zinanyooka. Nilimvulia kofia moyoni, naapa, na wakati huohuo nilimchukia kwa jinsi alivyokuwa sahihi.

Tajiri akakuna kidevu. "Mama, mimi ninachokiona ni sakafu. Chaki yoyote inaweza kuchora boksi." Akanigeukia. "Fundi, sehemu hiyo iko wapi?"

Wote wakanitazama. Yeye hakunitazama, alikuwa anafuta mikono.

Nilikuwa na nafasi yangu. Ilikuwa pana kuliko mlango wa yadi. Lakini kusema ukweli kungekuwa kusema mbele ya wapagazi kwamba mimi, fundi wa miaka ishirini na miwili, sikuugeuza ubao, tena nilikuja na mabaki nikayaita ubao.

"Nimekwisha sema. Uliobaki ulikuwa hivi hivi."

"Basi," akasema tajiri. "Kuanzia Jumatatu mkwe wangu atashika chaki. Mama, utasaidia kupanga mbao kwenye marundo."

Yule mama akaiweka chaki mezani. Haikuwa nzima, ilikuwa kipande kifupi kilichoviringika kwa vidole vyake. Alipofika mlangoni akasimama kando yangu, nikajiandaa kutukanwa. Nilitamani anitukane, tuwe sawa.

"Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "ule ubao, popote ulipo, usiuache karibu na dirisha lenye jua. Nyuzi zake ni nzuri lakini bado haujatulia. Uupe siku tatu nne kivulini."

Akatoka.

Nilirudi nyumbani nikitembea haraka bila sababu. Nilipoingia karakana, jua la mchana lilikuwa limeingia dirishani na kulala juu ya meza yote, na lilikuwa limekolea zaidi palepale katikati. Nikashika upande mmoja nikaanza kuivuta. Meza ya mvule ya futi nane si kitu cha kuvuta peke yako. Ilipiga kelele sakafuni mpaka cherehani ikanyamaza.

"Unaipeleka wapi?"

"Kivulini."

"Jua limeanza leo?"

"Mama wa yadi amesema ubao wa katikati haujatulia."

Mke wangu akaondoa mguu kwenye kanyagio. "Yule uliyesema hajui mbao?"

Nikaendelea kuvuta.

"Na ameuona wapi ubao wa katikati, wakati meza haijatoka humu ndani?"

Kuna maswali ambayo mke wako akikuuliza unajua kwamba jibu analo tayari, anataka tu ulibebe wewe mwenyewe. Nikakaa juu ya gogo la kukatia, nikamweleza yote: goti la yule mama juu ya ubao, chaki sakafuni, maneno yangu manne, mara mbili. Nilipomaliza alikuwa ameshika gauni la mtu mapajani, amelipindua ndani nje.

"Mimi kitambaa nakikagua upande wa ndani kabla sijaweka mkasi," akasema. "Nikisahau, nalia na mkasi wangu. Sijawahi kwenda kumlilia muuza kitambaa."

"Najua."

"Kwa hiyo mama wa watu kapoteza kazi kwa sababu ya inchi moja na nusu."

"Nimesema najua."

"Jumatatu mkunga analeta pikapu. Meza ikishaingia nyumbani kwake ikawekwa kitambaa juu, ubao huo hautaonekana tena na mtu." Akageuza gauni upande wake, akarudisha mguu kwenye kanyagio.

Siku tatu zile nilimaliza meza. Niliipiga msasa, nikaipaka mafuta, na kila nilipopitisha kitambaa katikati niliona ule ubao ukizidi kukolea, mpaka zile nne za pembeni zikaonekana kama zimeletwa kuusindikiza. Nilijaribu kujidanganya pia. Nilijiambia yule mama amepumzika, kupanga marundo si kazi mbaya, mkwe naye ana cheti. Nilijiambia kwamba kama ubao ungekuwa mzuri kweli, nisingekasirika. Ujinga mtupu. Mikono yangu ilikuwa inaupaka mafuta mara mbili na zile nyingine mara moja.

Jumatatu pikapu ilipofika, tukaipakia meza, viti vingefuata baadaye, tukaifunga kamba, dereva akawasha.

"Kwa mkunga?" akauliza.

"Tupitie yadi kwanza," nikasema.

Nilitaka yadi iwe tupu. Haikuwa tupu. Jumatatu asubuhi mafundi wote wako pale, na siku hiyo lori la mvule lilikuwa limeingia. Mkwe wa tajiri alikuwa amesimama mbele ya rundo, chaki mkononi, jasho linamtiririka ndani ya shati jeupe. Wapagazi walikuwa wanamlazia mbao na yeye anaziandika vile vile zilivyolazwa, hakuna anayegeuza. Si kwamba alikuwa mvivu, maskini. Alikuwa na haraka na watu wanamtazama. Mama Uso Mbaya alikuwa mwisho kabisa wa yadi, anaweka vijiti kati ya mbao ili hewa ipite. Kila kijiti alikilinganisha na cha chini yake, sawasawa, kama kwamba kuna mtu atakuja kukagua.

Nikashusha meza katikati ya yadi kwa msaada wa dereva na mafundi wawili waliodhani nimeileta kuitangaza. Mmoja akaanza kunivika kilemba cha ukoka, "Fundi, hii kazi ni ya wizarani hii." Nikamwambia anyamaze. Tajiri akatoka kibandani.

"Sehemu iliyokosekana Alhamisi ni hii," nikasema, nikaweka mkono juu ya ubao wa katikati. "Niliikata, nikaitumia, kisha nikaja hapa nikasema uongo. Mama aliniambia nigeuze ubao siku ya kununua, nikampa mgongo."

Mafundi wakaacha mbao zao, wakasogea. Hata injini ya lori nadhani mtu aliizima. Masikio yalinivuma tena, lakini safari hii si kwa hasira.

Tajiri hakuwa mtu wa kurudi nyuma kirahisi. Akaizunguka meza. "Fundi, ubao wowote ukipigwa randa na mafuta unapendeza. Nitajuaje kuwa ndio huu?"

Hakuna aliyemwita, lakini yule mama alikwisha fika, na vile vipande vitatu anavyo, alikuwa amevihifadhi. Akachagua kimoja cha kichwani, akakiegemeza kwenye ncha ya meza, juu kidogo ya ubao wa katikati. Tajiri akainama. Mafundi wakainama. Mistari ya kipande ilishuka na kuingia kwenye mistari ya ubao, mmoja baada ya mwingine, mwembamba kwa mwembamba, mpana kwa mpana, bila hata mmoja kukosa mwenzake. Mkwe naye alisogea, akainama muda mrefu kuliko wote.

"Ni wenyewe," akasema mkwe.

"Sawa, ni wenyewe," akasema tajiri, na nikaona anatafuta pa kusimama. "Lakini mafundo yalikuwepo. Hilo si uongo. Fundi alilipia daraja la kwanza akakuta mafundo, ubao haukumridhisha, akalalamika. Sasa mimi nifanyeje? Ubao ama unamridhisha mnunuzi ama haumridhishi."

Nikafungua mdomo, lakini yule mama akainua kidole kidogo tu, akaniomba nisubiri. Alikuwa anapitisha kiganja juu ya meza, taratibu, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kama anavyopitisha juu ya mbao zinazoshuka kwenye lori. Kilipofika katikati kikapunguza mwendo.

"Fundi," akasema, "nikuulize kitu. Mbao zilikuwa tano. Nne zilikuwa nzima, hazikukupa taabu. Huu ulikukasirisha. Ungeweza kuuweka pembeni ukutani, mahali ambapo mtu haoni. Kwa nini uliuweka katikati?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Siku ile ya gundi nilizipanga mbao sakafuni karakana, nikazitazama, nikazibadilisha, kama nifanyavyo siku zote, na mikono ikaamua. Nilikuwa bado nafoka, bado namlaani yeye na chaki yake, huku mikono inaubeba ubao wake na kuuweka pale.

"Kwa sababu ndio uliokuwa mzuri kuliko wote," nikasema.

Nilisema kwa sauti ya kawaida, lakini yadi nzima ilisikia. Mama Uso Mbaya akaitikia kwa kichwa mara moja, akaondoa kiganja chake mezani. Tajiri alitazama ubao, akanitazama mimi, kisha akamnyooshea mkono mkwe wake. Lakini mkwe alikuwa amekwisha mpita, anaipeleka chaki mwenyewe kwa yule mama.

"Mama," akamwambia, "rundo hili lote nimeliandika upande wa juu. Naomba tuanze upya, unifundishe."

Akaipokea, akaenda naye kwenye lori, na mimi nikabaki nimeshika kona ya meza mpaka dereva aliponiuliza kama bado tunakwenda kwa mkunga.